Chiriku Aulizwa, Mama Ajibu

Kitendawili! Nabisha hodi kwangu, aitikia jirani. Mmeshindwa? Nipeni mji basi. Ni mtoto anayeulizwa yeye, akajibu mama yake.

Ndivyo yalivyomkuta Chiriku. Jina hilo alipewa kwa kupenda maneno, lakini sasa hasemi. Kila asubuhi anavaa sare, anafika kizingitini, anageuka, anarudi kitandani. Mwalimu mkuu ameshaonya: asipoonekana kabla ya mitihani, atarudia darasa. Zahanati walimpima, hawakuona ugonjwa, wakampeleka kwa mshauri nasaha, chumba cha mwisho chenye mkeka na kalamu za rangi.

"Chiriku, nini kinakuzuia kwenda shule?"

"Uvivu!" alijibu mama, fundi cherehani, futi ikining'inia shingoni.

"Usiku unaota ndoto mbaya?"

"Huyu? Analala kama gogo!"

Chiriku aliuma meno. Hata ndoto zangu anazijua yeye!

"Dada, mwandikie dawa twende," mama alisema. "Nina sketi za watu."

Mshauri alishusha pumzi. "Mama, tiba ya moyo haina njia moja. Kuna kurudi nyuma, tukatafuta jeraha lilianzia wapi. Kuna kulipima wazo: mtu anasema wote wananichukia, kweli, wote? Kuna kuizoea hofu kidogo kidogo, leo getini, kesho mlangoni mwa darasa. Mwingine anataka tu msikilizaji asiyemhukumu. Mdogo huchora asiloweza kulisema. Pengine tunaita familia nzima. Mara nyingi tunachanganya. Ila zote zinamhitaji mgonjwa mwenyewe asikike."

"Si ndiyo nakwambia! Huyu anaogopa—"

"Mama!" Chiriku alilipuka. "Na kuumwa utaniumwia wewe?"

Mama aliivua futi shingoni, akaikunja. Mashavu yalimshuka.

"Mimi huyu," alisema mwishowe, "sikati kitambaa cha mtu bila kumpima, na wewe nimekukatia kwa kubahatisha. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nisamehe, mwanangu. Anayeumwa aachiwe aseme. Haya, nini kinakuzuia?"

Safari hii alingoja.

"Nilisoma kwa sauti darasani," Chiriku alisema, "nikakwama kwenye neno, wakacheka mpaka kengele ikalia. Nikifika kizingitini nakisikia kicheko kile kile. Dada, mimi nataka ile ya kuanzia getini. Mama atanisindikiza, lakini salamu nitaitikia mwenyewe."