Siku Alizonyamaza Yusrah

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Yusrah alimsaidia mama yake kupanga chapati kwenye ndoo na kujaza chai katika chupa. Kibanda chao kilikuwa kando ya barabara kuu pale Mikumi, ambapo madereva wa malori husimama kupata kifungua kinywa. Kazi ikiisha, alivaa sare, akaaga, akashika njia ya shule.

Nyumbani kwao palikuwa na kitu kimoja cha thamani, nacho ni kompyuta mpakato kuukuu ya marehemu baba yake, Mudathir. Thamani yake ilikuwa sauti. Baba alipozidiwa hospitalini, alijirekodi kwa simu akiwaaga watu wake, na sauti hiyo ikahamishiwa kwenye kompyuta. Baadaye simu iliharibika. Mama alitumia kitochi tu, simu ndogo isiyohifadhi vitu kama hivyo, kwa hiyo sauti ile haikuwepo mahali pengine popote.

Bibi, mama yake Mudathir, hakuwahi kuisikia. Tangu Mudathir alipolazwa hadi siku za msiba, mafuriko yalikuwa yamekata barabara, akabaki Kilosa akimlilia mwanawe kwa mbali. Sasa hitima ya mwaka ilikaribia, naye angekuja Mikumi. Aliomba jambo moja tu, asikilizishwe sauti ya mwanawe. Yusrah alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana alichokifanya kinauma hata kukisimulia.

Shuleni alikuwa katika klabu ya kompyuta. Alikuwa akiandika programu ya maswali ya hisabati kwa ajili ya maonyesho ya shule huko Kilosa, lakini kompyuta ya baba ilikuwa nzito kama gari bovu.

"Bado unatumia Windows?" mwenzake Goodhope alimcheka mbele ya wote. "Hiyo ni ya watu wa steshenari, ya kuchapia barua. Waandishi wa programu wanatumia Linux, dada!"

Klabu nzima iliangua kicheko. Mwalimu Theodory, mlezi wa klabu, aliwanyamazisha.

"Goodhope, mfumo endeshi, kama Windows au Linux, ni programu kuu inayoendesha kompyuta. Si nguo ya sikukuu ya kuringia wenzako. Unauchagua kwa kuangalia kazi uliyonayo na mashine uliyonayo. Programu ya Yusrah itakwenda kwenye Windows, na kwenye Linux itakwenda pia. Ila kwa mashine kuukuu kama yake, Linux inaweza kuwa nyepesi."

Kisha akamgeukia Yusrah. "Ukitaka kubadilisha, nitakupa flashi yenye Linux. Lakini kwanza omba ruhusa kwa mama. Pili, chukua hii flashi tupu, hamishia nakala ya kila kitu, halafu uifungue uone kama inasoma."

Flashi tupu ililala kwenye begi. Kesho yake mwalimu aliuliza, "Umetoa nakala?"

"Ndiyo, mwalimu."

"Na mama ameruhusu?"

"Ameruhusu."

Uongo wote mtupu! Yusrah alikuwa na haraka ya kumziba mdomo Goodhope. Mchana huo, mama akiwa kibandani, alichomeka flashi ya Linux aliyopewa na mwalimu. Maandishi ya Kiingereza yakatokea, yakionya kwamba diski yote itafutwa. Hakuyasoma. Alidhani kubadilisha mfumo ni kama kubadilisha mwenye duka, bidhaa hubaki kwenye rafu. Akabonyeza kukubali.

Kompyuta iliwaka upesi, nyepesi, nzuri. Yusrah alitabasamu mpaka alipotafuta sauti ya baba. Haikuwepo. Alitafuta tena na tena.

Hakumwambia mtu. Aliona aibu, akaogopa. Akaendelea kuandika programu yake, kupakua michezo na picha, ili asifikiri. Goodhope alipomsifu, hakufurahi hata kidogo.

"Mbona sura ya kompyuta imebadilika?" mama aliuliza siku moja.

"Nimebadilisha picha tu, mama."

"Sauti ya baba yako ipo lakini?"

"Ipo."

Jioni ya kuamkia hitima, Bibi alishuka kwenye basi akiwa na mkongojo wake, akaingia nyumbani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kumsikia baba yako."

Yusrah alianguka miguuni pa Bibi akilia, akasema yote, mama naye akisikia. Mama hakumpiga wala hakumfokea. Alikaa chini sakafuni akajifunika uso kwa kanga, na hilo lilimuumiza Yusrah kuliko fimbo.

Jioni hiyo hiyo Yusrah na mama walikwenda kwa Mwalimu Theodory wakiwa na kompyuta.

"Umeitumia tangu siku ile?" mwalimu aliuliza.

"Kila siku, mwalimu."

Mwalimu alishusha pumzi. "Faili likifutwa huwa halijapotea papo hapo. Nafasi yake inahesabiwa kuwa tupu, na kila kitu kipya unachoweka kinaweza kukaa juu yake. Ungeniambia mara moja, ningeizima kompyuta, na huenda tungeipata sauti yote. Mficha maradhi kifo humuumbua, Yusrah. Nitajaribu."

Kesho yake, dua ilipokwisha, mwalimu alikuja na kompyuta. Bibi aliketi mkekani karibu nayo. Kukasikika mkwaruzo, kisha sauti dhaifu ya Mudathir:

"Mama, najua barabara imekatika. Usijilaumu. Jambo moja tu nakuomba..."

Ikakatika.

"Irudie," Bibi alisema. Ikarudiwa, ikakatika pale pale.

"Ndiyo iliyopatikana," mwalimu alisema kwa upole.

"Aliomba nini?"

Mama alijibu huku machozi yakimtoka, maana alikuwa ameisikiliza mara nyingi. "Aliomba radhi yako, mama."

Bibi aliinama, akaiambia mashine, "Nimekupa, Mudathir. Nimekupa, mwanangu."

Kisha akamwita Yusrah, akamshika mkono.

"Mjukuu wangu, kukosea kila mtu hukosea, nami nimekusamehe. Lakini ungelia siku ile ile, leo ningemsikia mwanangu akiniomba radhi kwa kinywa chake. Siku ulizonyamaza ndizo zilizomfuta. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Yusrah alikwenda kwenye begi lake, akaitoa ile flashi tupu, akaomba ruhusa ya mama. Alihamisha sauti, akaifungua kuhakikisha. Ilisoma vizuri, mpaka pale inapokatika.