Meno Kumi na Matatu

SAA 3:10 ASUBUHI

Nyundo alichora mlima kwa chaki, sakafuni, katikati ya madoa ya oili.

"Hapa duka la sonara. Hapa chini kituo cha polisi, mita mia mbili nyuma yetu. Hatushuki. Tunapanda." Chaki ilipanda. "Mita mia tatu za mlima, halafu reli. Treni ya mizigo inapita saa saba na dakika ishirini na nne. Kizuizi kinashuka dakika moja kabla. Tunavuka kikiwa kinashuka. Sisi ng'ambo, polisi huku, mabehewa arobaini katikati. Nani ana swali?"

Akaitia chaki mfukoni bila kungoja.

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma ya gereji. Nyundo, kiongozi, mtu mfupi mwenye sauti ya upole iliyotisha kuliko kelele. Bubu, aliyejua kuongea ila hakuona faida yake. Upupu, mwendesha pikipiki, mwanaume wa miaka thelathini asiyeweza kukaa kitini dakika mbili. Na Fundi, mwenye gereji, aliyemwoa dada yake Upupu.

"Pikipiki nyekundu naendesha mimi, Bubu nyuma na mfuko. Bluu anaendesha Upupu, peke yake, anatufuata." Nyundo akamgeukia Fundi. "Ule mlima unazichosha pikipiki. Nataka ziruke."

"Zitaruka. Tunabadilisha sproketi, vile visahani vya meno vinavyovuta cheni. Ya mbele ina meno kumi na tano, naweka ya kumi na matatu. Ya nyuma natoa ya arobaini na mbili, naweka ya arobaini na tano. Mbio za juu zitapungua, lakini kuondoka zitaondoka kama zimechomwa sindano."

"Mbio za juu sina haja nazo. Ng'ambo ya reli tunazitupa."

Nyundo akarusha kifurushi mezani. Fundi akakifungua. Sproketi mbili mpya, ndogo na kubwa, bado na grisi ya dukani. Akakipindua kifurushi. Hakikudondosha kitu kingine.

"Hii seti moja."

"Ya nyekundu."

"Na bluu?"

"Muuzaji alibakiwa na moja. Upupu yuko peke yake, mwepesi. Atafika."

Bubu aliangalia dari.

SAA 4:30 ASUBUHI

Nyundo na Bubu walitoka kwenda kulichungulia duka. Fundi alifungua kifuniko cha mbele cha nyekundu, akalegeza nati, akaitoa sproketi kuukuu. Meno yake yalikuwa yamelala upande mmoja kama ya mbwa mzee. Akaivisha mpya. Akashusha gurudumu la nyuma, akafunga ile kubwa, akarudisha cheni. Cheni ileile ilitosha. Alisogeza ekseli mbele kidogo tu, akaipima kwa kidole. Ikacheza sawasawa.

Mikono ilifanya kazi. Kichwa kilipiga hesabu yake.

Mfuko ni mmoja. Unabebwa na nyekundu. Watu wa kuingia dukani ni wawili. Wanabebwa na nyekundu. Sasa bluu inabeba nini?

Akafuta mikono, akampigia simu muuzaji wa vipuri.

"Sproketi ya meno kumi na matatu?" Muuzaji alicheka. "Fundi, zimejaa mpaka nazikalia. Njoo na gunia."

Fundi akakata simu. Upupu alikuwa amekaa juu ya bluu, anatikisa mguu, anapiga mluzi.

"Shemeji. Shuka hapo, nikuambie kitu."

"Niambie nikiwa hapahapa."

"Leo usiende. Sema tumbo linakuuma."

Mluzi ulikatika. "Kwa nini?"

"Nyekundu itafika juu kwa sekunde ishirini. Hii itachukua ishirini na saba. Kizuizi hakitakungoja. Utabaki na polisi mgongoni, na barabara yenyewe nyembamba. Watakapokuwa wanakukamata wewe, Nyundo yuko mbali. Hiyo ndiyo kazi uliyopewa, shemeji. Wewe ni chambo."

"Alisema seti zimekwisha."

"Nimepiga simu sasa hivi. Zimejaa."

Kwa mara ya kwanza mguu wa Upupu ulitulia.

"Nilipotoka jela, nani alinipa pa kulala? Wewe? Dada alilia, wewe ukasema nyumba ndogo."

"Ilikuwa ndogo."

"Nyundo naye alikuwa na chumba kimoja."

Alishuka, akasema anakwenda kununua sigara. Fundi akamwachia. Mtu akipewa habari nzito hutafuta hewa.

SAA 5:40 ASUBUHI

Walirudi watatu. Upupu alikuwa wa mwisho, macho chini.

"Nasikia hesabu zako kali, Fundi," Nyundo alisema kwa upole.

Fundi alimtazama shemeji yake. Upupu alitazama ukuta.

Bubu alimshika Fundi mabega, akamsukuma hadi kwenye meza ya kazi. Pale palikuwa na jiliwa, ile ya kubania vyuma. Nyundo akaupitisha mkono wa kushoto wa Fundi kati ya taya za jiliwa, vidole vinne, akazungusha mpini hadi vikabanwa.

"Upupu. Njoo umalizie."

"Bosi, mimi nilikuambia tu ili uj..."

"Nimesema njoo."

Upupu alikuja. Akashika mpini. Fundi alisema, "Shemeji," mara moja tu. Upupu akazungusha. Mfupa wa kwanza ulilia kama kijiti kikavu. Wa pili haukusikika, kwa sababu Fundi alikuwa anapiga kelele.

"Basi," Nyundo alisema. "Mfunge kitambaa. Atapanda nyuma yako kwenye bluu. Mtu anayejua mengi hivi simwachi gereji peke yake."

Watu wawili kwenye bluu. Uzito juu ya uzito. Fundi alipiga hesabu hata katika yale maumivu: si ishirini na saba tena. Thelathini na nne.

Alimwona Upupu anaipiga pia, midomo ikitikisika. Akaendelea kufunga kitambaa.

SAA 7:19 MCHANA

Jua lilikuwa juu ya mabati. Pikipiki mbili zilinguruma mbele ya duka la sonara. Nyundo na Bubu waliingia wamevaa helmeti. Upupu na Fundi walibaki juu ya bluu.

"Tuondoke," Fundi alinong'ona. "Sasa hivi. Dada yako anatungoja wote."

"Nyamaza, shemeji."

"Wewe unaona kabisa."

"Nimesema nyamaza!"

Ndani, kioo kilivunjika. Mwanamke alilia. Halafu mlio mmoja wa risasi, na kilio kikakatika.

SAA 7:22

Walitoka. Mfuko ulikuwa begani kwa Bubu, na damu isiyo yake kwenye mkono wa shati. Chini, king'ora kilianza.

Nyundo aliachia klachi. Nyekundu ilinyanyua gurudumu la mbele, ikatua, ikaondoka. Fundi alikuwa amefanya kazi nzuri. Kufumba na kufumbua ilikuwa mita hamsini juu yao, inavuta gia ya tatu.

Bluu iliguna. Ilipanda kama mgonjwa anayepanda ngazi. Nyundo hakugeuka nyuma hata mara moja.

Juu, kengele ya reli ikaanza kulia.

Gari la polisi lilikata kona nyuma yao. Upupu alijilaza juu ya tangi, akarudi gia ya pili. Mwendo ukafa zaidi. Mbele yao nyekundu iliinama, ikapita chini ya mti wa kizuizi uliokuwa unashuka, ikatoweka.

"Shuka, shemeji!" Upupu alipiga kelele.

"Nini?"

"Shuka!"

Kiwiko kilimpiga Fundi kwenye mbavu. Alishikilia koti kwa mkono wa kulia. Kiwiko kilirudi, safari hii mdomoni. Mkono wa kushoto haukuweza kushika chochote. Fundi alianguka chali kwenye lami, akajiviringisha mara tatu.

Alipoinua kichwa, bluu ilikuwa imepata uhai. Ilikimbia kweli. Kizuizi kilikuwa kimelala tayari. Upupu aliinamisha pikipiki ili apite chini yake, na honi ya treni ikajaza mtaa mzima.

Akapita chini ya kizuizi. Reli hakuivuka.

Buti la askari lilitua kwenye shingo ya Fundi na kumkandamiza uso kwenye lami. Mabehewa yalipita, moja baada ya jingine, kwa muda mrefu sana, na breki zikilia.

SIKU YA NNE, SAA 4:00 ASUBUHI

Fundi alikuwa amemtaja Nyundo kabla hajaulizwa mara ya pili. Haikusaidia. Polisi walikuta chumba cha Nyundo kitupu. Yule mwanamke wa dukani, sonara mwenyewe, alikuwa amezikwa, na mashtaka yalikuwa ya mauaji.

Mke wake alikaa upande wa pili wa wavu, kitambaa cheusi kichwani. Walikuwa wamemzika mdogo wake, Upupu, jana, jeneza limefungwa.

"Ulikuwa naye," alisema. "Mwisho kabisa. Walioona wanasema alikusukuma."

Fundi alimtazama. Mwanamke huyu alikuwa amemlea Upupu tangu akiwa mchanga, mama yao akiwa hawezi kunyanyuka kitandani. Macho yake yalikuwa yamevimba hadi yakabaki mistari miwili.

"Alinisukuma."

"Kwa nini?"

Askari mlangoni aliangalia saa.

"Alijua pikipiki haitafika," Fundi alisema. "Alitaka mimi nipone. Alisema, shuka, shemeji, dada anakungoja."

Mke alifunika uso kwa viganja. Mabega yakatikisika. Alipovitoa, uso wake ulikuwa umelegea, karibu uwe na amani.

"Nilijua," alisema. "Watu walimwona mhuni tu. Mimi nilijua. Nitamwambia mama, naye apate la kushika."

"Mwambie."

"Muda umekwisha," askari alisema.

Mke alisimama, akaweka kiganja kwenye wavu. Fundi akakutanisha nacho cha kwake cha kulia. Aliendelea kukiacha pale hata baada ya mke kuondoka, mpaka askari akaja kumwondoa.