Mtoto wa Pili Ana Njaa

Wifi yangu, mke wa kaka, ana kazi ambayo mama yetu haielewi mpaka kesho. Anajaribu programu za simu kabla hazijatolewa kwa watu. Watengenezaji humtumia programu ikiwa bado mbichi, anaitumia hapo nyumbani, anawaandikia kasoro alizoziona, nao wanarekebisha na kumtumia toleo jipya. Mama husema mkwewe analipwa kwa kulalamika, na kipaji hicho anacho.

Alipojifungua hakuacha kazi. Nilihamia kwao kumsaidia, maana kaka ni dereva wa malori na nyumbani anaonekana kwa nadra. Mtoto tulimwita Bonge, kwa sababu mashavu yalikuwa yamemmeza shingo. Alikuwa na sauti ya kuamsha mtaa mzima.

Asubuhi moja wifi akaletewa programu ya kusikiliza watoto wachanga. Unaweka simu karibu na mtoto, inamsikiliza, halafu inakuandikia anachotaka. Nilicheka sana. Bonge alipolia ikaandika: Amelowa. Tukamfungua nepi, kweli amelowa. Akalia tena, ikaandika kwamba tumbo limejaa hewa. Nikampigapiga mgongoni, akacheua. Kicheko kikaniisha.

Siku chache baadaye, mchana wa jua kali, Bonge alikuwa amelala fofofo na mimi nakunja nguo zake. Simu ikatetemeka mezani. Nikachungulia. Iliandika: Mtoto wa pili ana njaa.

"Wifi, kumbe ulizaa pacha ukanificha?" nilimtania.

Alikuja, akasoma, akafurahi. "Hii ndiyo kasoro wanayoitafuta. Ngoja niwaandikie."

Akawaandikia kama anavyoandika siku zote, kwa ufupi: programu inasikia watoto wawili, nyumbani yuko mmoja tu. Kwa kawaida humjibu kwa asante kavu, tena baada ya muda. Safari hii jibu liliingia kabla hajaiweka simu chini.

Una uhakika yuko mmoja?

Nina uhakika, aliandika. Mimi ndiye mama.

Tumeelewa. Tutabakiza mmoja.

Hata hapo hatukushtuka. Tulisema watu wa kompyuta hawajui kuongea na binadamu, tukaendelea na shughuli zetu.

Kesho yake toleo jipya likaingia. Wifi akaliweka kwenye simu, akaenda kuoga. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo. Nyumba ilikuwa kimya, nikashukuru kwamba Bonge kapata usingizi. Nilipoingia chumbani kufuata taulo, nikamwona. Alikuwa macho. Alikuwa analia. Mdomo wazi, ngumi zimekazwa, machozi yanamtiririka hadi masikioni.

Sauti hamna.

Nikamnyanyua. Kifua chake kidogo kilikuwa kinapanda na kushuka. Analia kwa nguvu zake zote, na sauti hamna. Nikamwita wifi, akatoka na povu mwilini, akamnyakua mikononi mwangu.

Daktari alimpima koo, kifua na masikio, akarudia tena. "Koo ni zima, mama," alisema. "Sioni tatizo."

"Sasa sauti yake iko wapi?" wifi aliuliza.

Daktari akatuambia tumrudishe kesho.

Tuliporudi, ufunguo ukiwa bado mkononi mwa wifi, tukakisikia. Kilio. Kilitoka ndani ya nyumba, na nyumba tuliiacha tupu. Kilikuwa kilio cha Bonge, kilekile, na Bonge nilikuwa nimembeba mgongoni.

Wifi alifungua. Tukakifuata hadi chumbani. Kilikuwa kinatoka kwenye kitanda cha mtoto, na kitandani hapakuwa na mtu. Simu aliyoisahau mezani ilikuwa inawaka. Haikusema tena wa kwanza wala wa pili. Iliandika: Mtoto ana njaa sana.

"Wamembakiza huyu," wifi alinong'ona.

Akaichukua simu. Nilikosea, aliandika. Watoto ni wawili. Nirudishieni sauti ya mwanangu.

Jibu likaja papo hapo. Na wa pili utamlea?

Nikamshika mkono. "Usijibu. Hujui ni kitu gani."

Alimtazama Bonge mgongoni kwangu, mdomo wazi, hana hata pumzi ya kulia tena. Akautoa mkono wangu taratibu. Akaandika: Nitamlea.

Kilio cha kitandani kikakatika. Mgongoni kwangu Bonge akapasua ukelele, nami nikakaa sakafuni nikalia naye. Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile.

Programu ile hatukuiona tena kwenye simu, na wifi hataki izungumzwe. Bonge analala na mama yake. Kila asubuhi wifi anajaza chupa ya maziwa, anaiweka kwenye kile kitanda kitupu, anafunga mlango. Baadaye anaitoa ikiwa tupu na kunipa niioshe. Kwa muda mrefu nilijipa moyo kwamba anayamwaga mwenyewe, kwamba ni woga tu wa mama aliyenusurika kumpoteza mwanawe.

Jana nilipoifungua chupa nikakuta chuchu yake imetafunwa. Alama za meno ziko juu na chini, safu nzima. Bonge wetu hajaota hata jino moja.