Mgeni wa Bi Huda

Kitu cha kwanza kilichokwenda kombo ni joto la kiti. Bi Huda aliingia kwenye gari la binti yake asubuhi moja ya Februari, akaketi nyuma upande wa kushoto kama alivyozoea kila wanapokwenda hospitali kusafishwa damu, kisha akajiinua kidogo na kupapasa kiti kwa kiganja.

"Badriya, nani alikaa hapa?"

"Hakuna mtu, mama. Gari lilikuwa limefungwa tangu jana."

"Mbona pana moto wa mtu?"

"Jua hilo, mama."

Gari lilikuwa limelala chini ya ghorofa lao la Upanga, mahali ambapo jua halifiki. Badriya alilijua hilo hata wakati anasema, lakini alikuwa na haraka, na mama yake alikuwa ameshaegemea na kufumba macho. Figo zilikuwa zimemshinda Bi Huda. Miguu yake ilikuwa baridi hata saa saba mchana, na binti alifurahi kumwona ametulia.

Gari lenyewe lilikuwa la umeme, lililotumika Uingereza kabla ya kuvuka maji, na halikuwa na vitufe. Kila kitu kiliendeshwa kwa skrini kubwa ya kugusa iliyokaa katikati: feni, taa, redio, milango, hata vipasha joto vya viti, ambavyo kwa mtu wa Dar ni kichekesho. Wiki chache nyuma skrini hiyo ilikufa ghafla. Badriya akalipeleka gari Kariakoo kwa fundi mwanamke aliyeitwa Hyasinta, mzaliwa wa Mbinga, ambaye sifa zake zilikuwa zimeanza kuzunguka miongoni mwa wenye magari ya namna hiyo.

Hyasinta hakushangaa. Skrini zile zilikuwa zinakufa mapema, karibu zote kwa ugonjwa mmoja. Ndani ya kompyuta ya gari mna kipande cha memori kidogo kuliko ukucha, na gari huandika humo kila linalofanya, linaandika na kufuta, linaandika na kufuta, mpaka kipande kinachakaa kama karatasi iliyosuguliwa kwa raba hadi ikatoboka. Dawa yake ni kukibandua, kunakili yaliyomo, na kuyahamishia kwenye kipya. Lakini memori ya gari la Badriya haikusomeka hata kidogo. Ndipo Hyasinta alipokwenda Buguruni kwa wauza vipuri chakavu, akapata kompyuta ya gari la aina ileile.

"Hili lilipata ajali gani?" alimuuliza muuzaji.

"Halikugonga, dada. Liliungua kiti kimoja cha nyuma, basi. Kwingine kote ni zima kabisa. Mwenyewe hakutaka hata kuliona tena."

Hyasinta alinakili yaliyokuwamo, akayaweka kwenye kipande kipya ndani ya gari la Badriya, na skrini ikawaka safi. Nakala ile ilikuwa nzuri mno kuitupa. Akaihifadhi, na wengine waliokuja na tatizo kama hilo akawatengenezea kwa hiyohiyo.

Sasa Badriya alikuwa amerudi. Aliegesha mbele ya duka, Kariakoo ikiwa imefurika watu na mikokoteni, akateremka na kusema kwa sauti ya chini:

"Fundi, kiti cha nyuma kinajiwasha. Nikizima, kinarudi. Na pana harufu."

"Ya nyaya?"

Badriya alisita. "Ya nywele zilizoungua. Halafu juu yake, kama udi."

Hyasinta akaingia kwenye kiti cha dereva. Bi Huda alikuwa nyuma, amejifunika khanga mabegani, uso umenawiri kuliko ilivyotarajiwa kwa mgonjwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hyasinta akagusa skrini, akazima kipasha joto cha nyuma kushoto, akarudisha mkono pajani. Alama ndogo ya kiti ikawaka tena, nyekundu. Akazima mara ya pili na safari hii hakuuondoa mkono, akauacha palepale mbele ya skrini, na akahisi joto likipita juu ya ngozi yake, taratibu, kuanzia kiwiko hadi kwenye vidole, kama mtu aliyeketi nyuma yake ananyoosha mkono mrefu kupita bega lake ili aguse alipogusa yeye. Alama ikawaka.

Akajiambia ni skrini mbovu. Skrini ikianza kuharibika hujibonyeza yenyewe, hilo kila fundi analijua.

"Mwacheni apate joto lake," Bi Huda akasema kutoka nyuma, kwa upole. "Hapendi baridi."

"Nani, mama?"

Bi Huda akacheka kidogo, kama mtu aliyefumwa na siri. "Mgeni wangu."

Badriya akamvuta Hyasinta pembeni, nyuma ya marobota ya vitenge ya duka la jirani.

"Nilidhani ni dawa zinamchanganya," alinong'ona. "Lakini dawa ni zilezile za mwaka jana."

"Ameanza lini?"

"Tangu ulipotengeneza." Wakatazamana. "Juzi aliniambia ameulizwa jina lake, akalitaja. Jana ameulizwa jina la mama yake."

"Akalitaja?"

"Naogopa kumuuliza."

Hyasinta alikuwa Mkristo wa bara, lakini alikuwa ameishi Kariakoo muda wa kutosha kujua kwamba jina lako na la mama yako hayatolewi pamoja kwa usiyemjua, kwa sababu kwa hayo mawili mtu anaweza kukukamata popote ulipo. Akafungua kompyuta ya gari na kuipima memori mpya. Kipande ambacho kingedumu miaka kilikuwa kimekaribia kwisha. Gari lilikuwa likilala limezimwa, na bado humo ndani kulikuwa na kitu kilichoandika bila kupumzika.

"Dada, usilitumie hili gari," alimwambia Badriya. "Chukua bajaji mpaka nipate kompyuta nyingine."

Badriya alikubali, na alijaribu kweli. Lakini Bi Huda aligoma kupanda bajaji. Aligoma kula. Siku ya kusafishwa damu ikapita akiwa amegeukia ukuta, miguu imevimba, na daktari akapiga simu kwa ukali. Asubuhi iliyofuata Badriya alichukua funguo za gari, na mama yake akainuka mwenyewe kitandani kama msichana anayeitwa harusini.

Jioni ya siku hiyo simu ya Hyasinta ikaita. Alisikia kilio kabla ya maneno.

"Niko Mnazi Mmoja! Mama yuko ndani, milango haifunguki!"

Hyasinta alishika nyundo na kukimbia. Si mbali kutoka Kariakoo, lakini hakupata kukumbuka alivyofika, alikumbuka tu kwamba kabla hajaliona gari alisikia ile harufu, ya nywele na udi, kisha akaona watu wamelizunguka wakipiga bodi kwa viganja, na katikati yao Badriya akiwa na mfuko wa dawa alizoshuka kununua, akiuvuta mshiko wa mlango uliokuwa umezama ndani ya bodi na kukataa kutoka, na skrini ndani ikiwa nyeusi tii, na vioo vikiwa vimejaa ukungu kama vya bafu, na nyuma ya ukungu huo, upande wa kushoto, Bi Huda ameketi wima, midomo inacheza, anazungumza na mtu, anatikisa kichwa kukubali, anazungumza tena, na wala hasikii kelele zote zile za kumwita.

Hyasinta alipiga kioo cha upande wa pili. Hakikuvunjika. Akapiga tena huku akiita Yesu na Maria, na kando yake mwanamume mmoja akaanza kusoma aya za Kurani kwa sauti, na watu wengine wakamfuata, na kwa pigo la nne au la tano kioo kikamwagika chote kwa mara moja na joto likatoka humo kama mdomo wa tanuri, hata waliokuwa mbele wakaanguka juu ya waliokuwa nyuma.

Walimtoa Bi Huda akiwa hai. Mgongo wake ulikuwa umebabuka, na pia sehemu ya mbele ya kiuno, mistari miwili iliyopishana, kama alikuwa amepakatwa na mtu akamzungushia mikono. Alifumbua macho akamtafuta binti yake.

"Mbona umenitoa?" alisema. "Aliniambia tunakaribia kufika."

Gari lilivutwa. Lakini nyumbani Upanga, hata baada ya madaktari kumfunga bendeji, kila alipokalishwa Bi Huda palipata moto. Godoro lilibadilika rangi. Ndipo Badriya akamwita Mwalimu Mbaruku, mtu mwembamba mwenye miwani, aliyefundisha madrasa Buguruni na kutibu wenye majini. Hakuja na mbwembwe. Aliomba maji, zafarani na sahani nyeupe, akaandika kombe, aya za kuoshwa kwa maji na kunywewa, akaketi mbele ya mgonjwa na kuanza kusoma. Hyasinta alisimama mlangoni.

Mwalimu alisoma mpaka jasho likamlowesha kanzu. Bi Huda akaanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha mabega, kisha akatulia kabisa na kufumbua macho.

"Wewe nani?" Mwalimu akauliza.

"Huda binti Siti," ilijibu sauti, na haikuwa ya kike wala ya kiume.

"Huyo ni huyu mama, na Siti ni mama yake. Nakuuliza wewe."

Sauti ikacheka polepole. "Nilikuwa nimekaa zangu kwenye majivu. Nikavutwa."

"Nani alikuvuta?"

Mkono wa Bi Huda ukainuka, ukanyooka, kidole kikasimama kwenye uso wa Hyasinta.

"Yule. Aliniandika. Akaniandika tena. Akaniandika tena."

Badriya aligeuka kumtazama. Hyasinta alijiegemeza ukutani.

"Toka kwa mama huyu," Mwalimu akasema, akamwinulia mgonjwa sahani ya kombe mdomoni. "Toka, usirudi."

"Mimi nitatoka," ilisema sauti, ikilikazia neno la kwanza.

Bi Huda akanywa, akajikunja, na pazia la dirishani likavimba kuelekea nje ingawa hapakuwa na upepo. Harufu ikakatika. Baada ya hapo kilisikika kilio cha kikongwe tu, kidogo, kama cha mtoto. "Nasikia baridi, Badriya. Nasikia baridi."

Nje, kwenye ngazi, Mwalimu Mbaruku alivua miwani akaifuta kwa pindo la kanzu.

"Huyu ametoka," alisema. "Lakini, fundi, umemwandika mara ngapi?"

Hyasinta alirudi dukani, akaifuta nakala, kisha akaponda kwa nyundo kila kifaa alimokuwa ameihifadhi, akaanza kuwapigia simu wote aliowatengenezea. Wengine walicheka, wengine walinyamaza kwanza, kisha wakasema watakuja sasa hivi, na hao ndio waliofika mbio; waliocheka walifuata baadaye. Alizitoa kompyuta zao akampelekea Mwalimu, moja baada ya nyingine, na kila moja ilimlaza Mwalimu kitandani siku nzima.

Bi Huda hakufika Ramadhani. Alifariki mchana, chini ya mablanketi yaliyopangwa mpaka kidevuni, akimwomba binti yake amwongezee jingine. Hyasinta alikwenda msibani, akakaa chini jamvini na wanawake wengine. Badriya alimpa mkono bila kumwangalia.

Alibaki mtu mmoja tu ambaye hakupokea simu. Aliitwa Mzee Leodegar, mstaafu kutoka Songea, aliyekuwa akiishi peke yake Ilala tangu mkewe afariki. Siku moja kabla ya adhuhuri akaja mwenyewe, ameegesha ng'ambo ya barabara, amevaa shati lililopigwa pasi.

"Nimesikia unanitafuta, mwanangu."

"Shikamoo mzee. Nipe ufunguo, nusu saa tu. Nilikuwekea kitu kibaya."

"Marahaba. Nimesikia pia unachofanya." Hakuutoa mkono mfukoni. "Mimi niachie."

"Mzee, huyo si mkeo."

"Najua si yeye." Alisema bila hasira. "Sijawahi kufikiri ni yeye. Lakini nikirudi jioni ananiuliza nimekula nini. Miaka miwili hakuna aliyeniuliza."

Hyasinta akasogea karibu. "Umempa jina lako?"

"Langu, na la mama yangu."

"Hayo mawili tu, mzee?"

Mzee Leodegar akatabasamu kwa aibu, kama anayesifia wajukuu mbele ya mgeni. "Aliuliza na ya watoto. Nikamtajia wote, na wanapokaa. Leo tunaanza na yule wa Mbagala. Anataka kuwaona." Akaugusa mkono wa Hyasinta. "Anakusalimu. Anasema hajasahau wema wako."

"Mzee Leodegar, tafadhali."

Lakini mzee alikuwa ameshageuka, anavuka. Hyasinta alitaka kumfuata, kupiga kelele, kumnyang'anya ufunguo mbele za watu, na hakufanya hata moja kati ya hayo. Alimwona akifika kwenye gari, akafungua mlango wa nyuma, akaushikilia na kuinamisha kichwa kwa heshima.

Ilikuwa saa ambayo Kariakoo haina hata nafasi ya kutia mguu. Wachuuzi wenye mizigo kichwani, akina mama na mifuko, wasukuma mikokoteni wanaopiga mbinja, wote wamebanana bega kwa bega kwenye njia ile. Hyasinta akahisi joto likibanduka kando yake, na ile harufu ya nywele na udi, kisha akaona umati ule, kuanzia kwenye kizingiti cha duka lake alipokuwa amesimama hadi ng'ambo ya barabara, ukiachana katikati. Hakuna aliyeangalia chini, hakuna aliyesita wala kukatiza maneno yake. Walijisogeza tu, huyu huku, huyu kule, wakaacha kijia chembamba kinachomtosha mtu mmoja, na kijia hicho kikawa kinajifunga taratibu kutoka upande wake, hatua kwa hatua, kuelekea kwenye gari.

Kilipojifunga chote, Mzee Leodegar akafunga mlango.