Fisi Maji wa Shija

Dhoruba ilipopindua mtumbwi ziwani, nje ya Lamadi, Shija alimkamata Anatoli ukosi wa shati kabla hajazama. Kamera ikaenda chini.

Anatoli alikuwa ametoka mjini kutengeneza sinema ya Shija, mzamiaji wa kijiji cha ujamaa, ambaye kazi yake ilikuwa kunasua nyavu zilizokwama kwenye mawe. Siku moja Shija alimkuta fisi maji wavuni, akamfungulia. Tangu hapo mnyama yule aliogelea ubavuni pake kila alipozama.

Sasa upepo uliwatupa kwenye kisiwa cha mafunjo yanayoelea. Mbele yao yalikuwa maji matupu, nyuma yao mafunjo marefu kuliko mtu, yamesongamana hata mkono haupiti. Paja la Anatoli lilikuwa limechanika. Shija akavua shati lake, akalifunga jeraha taratibu.

"Maji ya kunywa tunayo," alisema. "Mpaka yamezidi."

Anatoli akacheka, meno yakigongana. "Na nchi kavu?"

"Sijui iko wapi. Ila upepo ukigeuka, kisiwa hiki kitatupeleka kilindini."

Walipiga kelele, upepo ukazirudisha. Shija akainua kafi aliloliokoa, akapiga maji: puu, puu, puu! Punde ikaja sauti ya Bundala, mvuvi mwenzake:

"Poleni na kazi! Msitumalizie samaki!"

Kisha ikafifia. Huko anayepiga maji kwa kafi anakimbiza samaki waingie wavuni. Bundala angejuaje?

"Ametusifu, kisha huyoo," Anatoli alisema.

Lakini fisi maji naye aliijua sauti ya kafi. Kichwa chenye sharubu kikachomoza. Akatafuta samaki, hakuona, akapiga chafya, akapita chini ya mafunjo. Wakamsikia akipumua upande wa pili.

Shija akafungua kiunoni kamba yake ya kuzamia, akampa Anatoli ncha moja, akamfuata mnyama. Gizani mizizi ilimpapasa usoni. Kifua kikawaka. Mbele mkia ukapinda kuelekea mwangani, naye akaibuka, akasimama. Mchanga! Maji kifuani, na ng'ambo moshi wa majiko ya Mwamanyili.

Akarudi mbio kwa Anatoli. "Jifunge kamba. Vuta pumzi, fumba macho."

"Mimi siwezi kuogelea, ndugu!"

"Nani kakuomba uogelee? Usiniachie mkono tu."

Waliibuka pamoja, wakikohoa na kucheka. Upepo ukageuka, kisiwa kikaondoka polepole nyuma yao.

Ufukweni Felisita, mkulima aliyekuwa akichota maji, aliacha ndoo. "Mwadila, wanangu!" akawasalimu Kisukuma. Hakuuliza neno. Alimvika Anatoli kitenge chake, akawaletea uji wa moto, akasubiri mpaka vibakuli vimebaki vitupu ndipo akataka habari.

Anatoli alikuwa amekwisha kuchechemea hadi ukingoni.

"Wewe, jeraha hilo!" Felisita akamfokea.

"Mama, tazama! Na kamera iko chini ya ziwa!"

Fisi maji alielea chali hatua tatu tu mbele yake, akitafuna samaki kwa kelele kubwa. Anatoli alicheka mpaka akakaa majini na kitenge cha watu.