Majina ya Ng'ombe wa Mukarukundo

Jua lilikuwa linazama walipopita Rwekubo, wakitoka Mbarara. Bunduki ilikuwa nyuma ya kiti, imeviringishwa kwenye blanketi, na pakiti ya risasi hamsini ilikuwa mapajani mwa Byiringiro. Ilikuwa nyepesi. Wepesi huo ndio uliompa moyo.

Mwenye kibali cha polisi alikuwa Katungi, tajiri wa ng'ombe wa Endiinzi. Byiringiro alikuwa mchungaji wake tu, mzee mkimbizi wa kambi ya Juru, aliyetoka milima ya Kivu ya Kusini. Lakini ujanani aliwinda na shemeji zake huko kwao, na Katungi, ambaye hajawahi kuangusha hata kanga, alimpeleka dukani amsaidie kuchagua.

Muuzaji aliwawekea bunduki mbili mezani. Kubwa ingemlaza fisi kwa pigo moja. Ndogo ilikula risasi nyembamba kuliko penseli, na kwa bei ya risasi moja ya ile kubwa ungepata kumi za hii. Katungi alipiga hesabu kwenye simu, akakuna kichwa, akamgeukia mchungaji.

"Mzee, hii kidogo itaweza fisi?"

"Itaweza, Patron. Na hata tukikosa mara mingi, hasara iko kidogo."

Alimdanganya. Rahisi huvunja upishi, na kila mwindaji anajua kwamba risasi ndogo humjeruhi fisi tu, kisha aliyejeruhiwa hurudi na hasira zake. Lakini Byiringiro hakutaka kitu kile kilichokuwa kikichukua ng'ombe kife. Alijua fika kwamba kule kichakani hakuna fisi.

Ng'ombe wawili walishapotea, Bihogo kwanza, kisha Gaju. Katungi alikuwa amesema akipotea wa tatu atawahamishia wote kwa kaka yake, na Byiringiro arudi Juru akapande maharage peke yake. Hakumlaumu. Kosa lilikuwa lake mwenyewe. Katungi aliwatambua ng'ombe wake kwa namba za masikioni, na mzee, kwa upweke, akawapa majina. Akawapa ya ng'ombe wa marehemu mkewe, Mukarukundo, wale walioporwa mwaka waliokimbia. Mukarukundo alifia njiani, kabla ya mpaka, akiwaita mmoja mmoja kama wakati wa kukamua. Byiringiro alimzika kando ya njia kwa jembe la kuazima. Miaka saba hakuna aliyeyatamka majina yale. Akaona si vibaya ayatamke yeye, jioni, ili kimya kisimle.

Marehemu mwenye ng'ombe akasikia. Akaja kuchukua walio wake.

Hakumwambia mtu. Kanisani wangemwekea mikono na kukemea, na hofu yake ilikuwa kwamba wangefaulu.

Walipofika zizini, Katungi alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, bunduki mapajani. Wakangoja. Giza likaanza kupanda kutoka upande wa ziwa. Vyura walikuwa wakilia... kisha wakanyamaza, wote kwa pamoja.

Harufu ndiyo iliyotangulia. Moshi mtamu wa majani, ule wa kufukizia vibuyu vya maziwa. Mukarukundo alinukia hivyo maisha yake yote.

Kisha sauti.

"Sine... njoo, Sine..."

Ng'ombe aliyeitwa Sine akainuka.

"Unasikia?" Katungi alinong'ona. "Fisi anakohoa. Iko wapi? Mimi sioni kitu. Onyesha mimi."

Kukohoa tu ndiko alikosikia. Byiringiro alimsikia mke wake. Angeweza kuonyesha upande mwingine. Lakini Sine alikuwa tayari anaelekea kwenye pengo la ua, na akitoka huyo, Byiringiro naye angerudishwa Juru, mahali ambapo sauti ile haijawahi kufika hata siku moja. Ni kadogo, akajiambia. Itamtisha tu.

Akanyoosha kidole.

Mlio ulikuwa kama wa kijiti kikavu kinapovunjika.

Kichakani, mtu akavuta pumzi...

Kimya.

Katungi alimulika tochi. Hapakuwa na damu. Juu ya majani palikuwa na matone meupe, na alipoyagusa alisema ni utomvu wa mnyaa, risasi imepasua tawi. Byiringiro hakuinama kunusa kama ni maziwa. Sine alikuwa amerudi kulala. Tajiri akaondoka na bunduki yake, amefurahi kwamba risasi moja ya bei ya chini imemfukuza fisi.

Jioni ya pili mzee alikuwa peke yake. Aliomba mkewe asije. Kisha akaomba aje. Alipoinua kichwa, moshi mtamu ulikuwa umejaa zizini.

Safari hii sauti ilikuwa karibu, langoni kabisa. Ilikuwa ya kukwaruza, na kila pumzi ilitoa mluzi mwembamba, kama inapitia kwenye kitundu.

Haikumwita Sine.

"Byiringiro..."

Mukarukundo alilelewa kwa heshima, na kwa miaka thelathini ya ndoa hakuwahi kumtaja mumewe kwa jina. Alimwita mwenye nyumba. Kwa majina aliwaita ng'ombe tu.

Basi huyu si yeye, akajiambia. Au ni yeye, na anakusanya waliobaki.

"Byiringiro... njoo..."

Aliikumbuka ile bunduki kubwa mezani kule Mbarara, na bei ya risasi zake. Alitamani kulia. Upande huu wa mpaka jina lake liliitwa kwenye foleni za posho tu, na tangu afike, hakuna aliyeliita taratibu namna ile.

Aliondoa gogo la lango, akatoka.

Ng'ombe walimtazama. Hakuna hata mmoja aliyemfuata.