Mihogo Nyuma ya Kisima cha Mawe

Jumatatu, tarehe tisa Oktoba, siku moja baada ya mvua ya kwanza, mtoto Happy alishindwa kusimama. Alikuwa akiharisha tangu alfajiri. Babu yake, Gozbert, alikuwa peke yake naye. Mkewe, bibi Rozalia, alishafariki.

Jirani yao Generoza, mhudumu wa afya, alikuja upesi. Alikoroga ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, katika maji yaliyochemshwa na kupoa, akamnywesha mtoto kidogo kidogo. Kisha wakapanda bodaboda hadi zahanati. Njia nzima Gozbert aliwalaumu mtendaji, diwani na watu wa idara ya maji kwa kutotunza kisima. Wanakula tu, alisema.

Jioni Happy aliomba uji. Gozbert akaketi sakafuni. Akamlisha mwenyewe.

Kesho yake Generoza alimwita kisimani, mbele ya majirani. Kisima hicho cha mawe kilijengwa kabla Gozbert hajazaliwa. Maji hutoka kwenye bomba la chuma ukutani. Siku hiyo yalinuka mihogo iliyovunda.

Generoza alipanda nyuma ya ukuta. Kulikuwa na mashimo ya kulowekea mihogo, yamefunikwa nyasi.

"Babu, hili la nani?"

"Langu. Hapa udongo ni mbichi hata kiangazi. Wote tunaloweka hapa."

"Ubichi huo ndio kisima chenyewe. Waliojenga waliifunika chemchemi kwa udongo wa mfinyanzi, uchafu usiingie. Sisi tumeutoboa. Mvua imeshusha uozo na mavi ya ng'ombe hadi bombani."

"Serikali ingeweka uzio."

"Kwani ni serikali iliyoloweka mihogo yako?"

Watu wakacheka. Gozbert akanuna, lakini alikuwa wa kwanza kutoa mihogo yake.

Walijaza mashimo kwa udongo wa mfinyanzi, wakaushindilia. Upande wa juu wakachimba mfereji wa kuyapeleka pembeni maji ya mvua, wakazungushia uzio wa miti. Watu wa maji walikuja kutia dawa na kupima. Hadi majibu yalipotoka mazuri, kila nyumba ilichemsha maji ya kunywa.

Sasa Gozbert analoweka mihogo nyumbani, kwenye pipa. Happy anaziba pua akipita hapo, na babu anafurahi kumwona akikimbia.

Ila ukuta wa kisima una ufa. Kijiji kinasema ni kazi ya watu wa maji. Watu wa maji wanasema ni kazi ya kijiji. Gozbert anauliza kila mkutano: ufa huu ni wa nani?